Jinsi ya kutengeneza video fupi ya tangazo ambayo watu wataisambaza wenyewe

Mwaka 2006 kampuni ya Blendtec, iliyoko Orem katika jimbo la Utah, Marekani, ilikuwa na blenda imara ambazo watu wachache walizijua. Mwanzilishi wake, Tom Dickson, alikuwa akizijaribu kwa kuzitia vipande vya mbao ili aone zitashindwa wapi. Meneja wa masoko, George Wright, alikuta vumbi la mbao sakafuni, akauliza ni la nini, na alipojibiwa akaliona tangazo hapohapo. Akanunua vitu vya dola 50 hivi: koti jeupe la maabara, gololi, reki, kuku wa kuchoma. Dickson akavaa koti, akasimama nyuma ya blenda, akavisaga kimoja baada ya kingine mbele ya kamera. Mwaka uliofuata akasaga iPhone iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni. Video hizo zilitazamwa na mamilioni ya watu, na mauzo ya blenda za nyumbani yakapanda.

Ukiiondoa blenda kwenye video hizo, hakibaki kitu. Hicho ndicho kipimo ninachokipigania katika mwongozo huu wote: bidhaa iwe ndiyo inayolifanya tukio liwezekane. Mitandao yetu imejaa matangazo ya vichekesho ambayo watu wanayapenda na kuyatuma, lakini ukiwauliza yalikuwa ya nani, hawakumbuki. Hiyo ni hasara, na inauma zaidi pale aliyelipa ni mfanyabiashara mdogo aliyetoa faida ya mwezi mzima.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Chukua dada mwenye duka la vyombo Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye mzigo wake mkubwa ni chupa za chai. Ana simu janja moja, mdogo wake anayo ya pili, na hana hela ya kumlipa msanii maarufu. Wewe weka bidhaa yako mahali pa chupa.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja tu

Kila bidhaa ina sifa nyingi na mwenye biashara anazipenda zote. Chupa ya chai inahifadhi joto, haivuji, ina maua mazuri, ina dhamana, bei yake ni nafuu, kuna ya lita moja na ya lita tatu. Ukiyasema yote ndani ya nusu dakika, mtazamaji hatashika hata moja.

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Majaribio ya awali ya huduma hiyo yalihusu watu kurejesha mikopo midogo kwa simu, na yapo mengi ambayo Safaricom ingeweza kuyasema. Ilisema lile ambalo kila mtu aliyeko mjini na mzazi wake yuko kijijini alilielewa bila maelezo.

Jambo lako moja utalipata kwa wateja, ukikaa dukani na daftari. Andika maswali wanayouliza kabla ya kutoa hela, na uyaandike kwa maneno yao wenyewe, usiyasafishe. Kwa mwenye chupa, swali litakalojirudia ni hili: "Inashika moto mpaka saa ngapi?" Tangazo limeshaanza hapo. Watu hawana haja ya kuambiwa kwamba chupa inatunza joto, maana hata ile mbovu iliyoko nyumbani iliuzwa kwa maneno hayohayo. Wanachotaka ni idadi ya saa.

Kampuni ya malori ya Volvo ilifanya hivi mwaka 2013. Ilikuwa na mfumo mpya wa usukani, na jambo moja la kusema juu yake: lori linakwenda limenyooka hata likiwa linarudi nyuma. Wakala wao wa Sweden, Forsman & Bodenfors, wakamsimamisha Jean-Claude Van Damme kati ya malori mawili yanayorudi nyuma kwa pamoja, mguu mmoja kwenye kila lori, kisha malori yakaachana taratibu mpaka miguu ikapasuka msamba hewani. Ilipigwa alfajiri kwenye uwanja wa ndege huko Hispania, kwa pigo moja bila kukatwa. Lori lolote likiyumba, mtu anaanguka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa usukani.

Hatua ya 2: Andika kwanza ujumbe wa mtu atakayeituma

Kabla ya kufikiria kamera, andika kwenye karatasi maneno ambayo mtu atayaweka juu ya video yako akiituma kwa mwenzake. Andika na jina la anayetumiwa: mama, shemeji, kundi la kikoba, fundi mwenzake. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, hakuna atakayeituma, hata ukipiga picha kwa kamera ya mamilioni.

Mtu anatuma video kwa sababu inamfanyia kazi fulani yeye mwenyewe. Inamchekesha rafiki aliyenuna. Inamsaidia kushinda ubishi wa jana. Inamwonya ndugu bila kugombana naye. Au inamtia fahari ya kwao, na hii ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Mwezi Machi 2010, kundi la Just A Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao yenye shujaa mmoja aitwaye Makmende, mbabe wa mitaani aliyepigwa picha kwa mtindo wa filamu za zamani za ngumi. Vijana wa Kenya wakamchukua. Wakamtengenezea mabango, wakamtungia visa vya nguvu zake, wakamweka kwenye majalada ya magazeti ya kubuni. Jina hilo walilijua tangu utotoni, lilikuwa la kwao, na video iliwaachia nafasi ya kuongeza chao. Ukiacha nafasi ya mtazamaji kuongeza chake, umempa sababu ya pili ya kusambaza.

Tanzania tumeona jambo la namna hiyo likivuka bahari. Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa mkoa wa Pwani, walijirekodi wakichezesha midomo kufuata nyimbo za Kihindi wakiwa na mavazi yao, kijijini kwao. Wahindi ndio waliozibeba video zile, kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kumwambia mwenzake: tazama, nyimbo zetu zimefika mpaka huku. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimwalika Kili na kumpa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja redioni. Ni simu, nyimbo, na sababu ya wazi kwa anayetuma.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, na ndio ninaoupenda. Treni za Metro za Melbourne, Australia, zilitaka watu waache kufanya uzembe relini. Nani anayemtumia rafiki yake tangazo la usalama wa reli? Novemba 2012 wakala wa McCann wa huko ukatoa katuni ya dakika 3, yenye wimbo mtamu na vijitu vya duara vinavyokufa vifo vya kijinga kabisa: mmoja anamchokoza dubu, mwingine anakula dawa za tarehe iliyopita. Treni inatokea mwishoni tu, kwa vijitu vitatu vya mwisho. Watu walituma wimbo, na onyo likasafiri ndani yake. Mwaka 2013 kampeni hiyo ikapata tuzo kuu 5 kwenye tamasha la matangazo la Cannes.

Turudi Kariakoo. Ujumbe wa mtu atakayetuma video ya chupa unaweza kuwa: "Mama, ile ya kwako saa nne usiku chai imeshakuwa maji. Iangalie hii." Umepata mtumaji, ni mtoto aliyeko mjini. Umepata mpokeaji, ni mama. Na una utani kidogo kati yao. Bandika karatasi hiyo ukutani na uache ikuongoze katika maamuzi yote yanayofuata.

Hatua ya 3: Buni tukio

Orodhesha mawazo mpaka uchoke, kisha endelea kidogo. Ya mwanzo yatakuwa yale ambayo kila mtu anayo: binti anatabasamu ameshika bidhaa, familia imekaa mezani, bosi anamgombeza mfanyakazi halafu bidhaa inaokoa siku. Hayo yaandike ili yatoke kichwani, kisha yaache.

Njia inayomfaa zaidi mwenye bajeti ndogo ni kuitesa bidhaa kwa haki. Jiulize: ni mahali gani pabaya kuliko pote ambapo mtu angeweza kuiweka? Blenda ilipewa gololi. Chupa ya chai ya moto ipewe nini? Barafu. Na barafu ya Dar es Salaam iko wapi kwa wingi, tena yenye kelele, rangi na watu wenye maneno? Soko la samaki la Feri. Tukio letu ni hili: chupa iliyojaa chai ya moto inazikwa ndani ya kasha la barafu la muuza samaki usiku kucha, na asubuhi inafunguliwa mbele ya watu.

Njia nyingine ni kuigeuza hali juu chini. Mwaka 2012 SAIH, mfuko wa misaada wa wanafunzi na wasomi wa Norwei, ulitoa video ya Waafrika wakikusanya vipasha joto ili kuwasaidia Wanorwei wanaoteseka na baridi, na wimbo wa hisani juu yake. Walitaka watu waone jinsi matangazo ya misaada yanavyoidhalilisha Afrika, na kugeuza tu mwelekeo wa huruma kulitosha. Kwa biashara njia hii inahitaji jicho kali, kwani ni rahisi kumcheka mnyonge bila kukusudia. Ukiwa na shaka nani anachekwa, acha.

Kuna atakayenikumbusha sokwe wa Cadbury. Ni kweli: mwaka 2007 nchini Uingereza chokoleti ya Dairy Milk ilitangazwa kwa sokwe anayepiga ngoma kwa sekunde 90, na chokoleti yenyewe haionekani ikiliwa hata mara moja. Ilipendwa sana. Lakini chokoleti hiyo inajulikana na kila Mwingereza tangu utotoni, rangi yake ya zambarau inatosha kuitambulisha, na kampuni ilikuwa na fedha za kununua muda wa televisheni. Duka la Kariakoo halina hata kimoja kati ya hivyo. Mwachie Cadbury sokwe wake.

Sasa, kabla ya kitu kingine chochote, fanya jaribio bila kamera. Chemsha chai, jaza chupa mpaka juu, izike kwenye barafu jioni, ifungue asubuhi. Ikitoka vuguvugu, badilisha tukio au badilisha chupa unayouza. Usiweke chai mpya ya moto kwa siri. Mteja atakayenunua ataenda nayo nyumbani, na jioni ya kwanza ataujua ukweli. Na yuleyule aliyetuma video kwa mama yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kuandika kwamba alitapeliwa.

Hatua ya 4: Andika picha kwa picha

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Chukua karatasi, ugawe muda, na uandike kila kinachoonekana na kila kinachosikika. Ya chupa ingekuwa hivi, kwa sekunde 30:

Sekunde 0 hadi 3. Karibu kabisa: mikono inachota barafu kando ya nguru mkubwa na kuzika chupa ya chai yenye maua mekundu. Hakuna salamu, hakuna nembo ya kujaza kioo, hakuna muziki wa kufungulia. Sauti ni ya barafu ikikwanguliwa.

Sekunde 3 hadi 9. Muuza samaki anaingia kwenye picha. "We dada, hiyo si chai?" Dada: "Chai kaka, nimeichemsha sasa hivi. Nitunzie humu mpaka asubuhi." Muuza samaki: "Kwenye barafu? Haya, lakini asubuhi usije kunidai."

Sekunde 9 hadi 13. Dada anazungusha selotepu pana ya plastiki kwenye kifuniko. Muuza samaki anapewa maka peni, anatia sahihi yake juu ya selotepu, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye mwili wa chupa. Barafu inafunika kila kitu.

Sekunde 13 hadi 16. Usiku unapita kwa kasi: taa za soko, boti, anga inapauka. Maandishi juu: "Saa 12 jioni", kisha "Saa 12 asubuhi".

Sekunde 16 hadi 22. Muuza samaki anafukua chupa. Kamera inasogea kwenye sahihi, haijakatika. Anaikata selotepu kwa kisu chake cha samaki. Watu wamesogea, mmoja anasema: "Hiyo sasa ni juisi."

Sekunde 22 hadi 27. Chai inamiminwa kwenye kikombe. Mvuke unapanda. Muuza samaki anataka kunywa, anasita, anapuliza mara mbili, anaonja ncha ya ulimi. "Inaunguza!" Vicheko.

Sekunde 27 hadi 30. Chupa juu ya barafu, imesimama. Maandishi: jina la duka, mtaa, bei, namba ya simu.

Angalia mambo mawili. Kwanza, hakuna mahali pameandikwa kwamba chupa ni bora. Yule anayepuliza kikombe ameshasema. Pili, ile sahihi kwenye selotepu ndiyo mhimili wa video nzima. Mtazamaji anapoona usiku umekatwa na asubuhi imeingia, anawaza papo hapo kwamba chai imebadilishwa. Pale anapotafuta ujanja, ndipo ujibu. Volvo walijibu kwa kupiga bila kukata. Tangazo la Honda la mwaka 2003 nchini Uingereza, lile la vipuri vya gari vinavyosukumana kimoja baada ya kingine kwa dakika 2, lilirudiwa zaidi ya mara 600 ili vipuri vyenyewe vifanye kazi, na watu wakabishana: ni kweli au ni kompyuta? Ubishi wa namna hiyo ni mafuta ya video, mradi ukweli uwe upande wako.

Hatua ya 5: Piga

Simu ya kawaida inatosha. Wima, kipimo cha 1080 kwa 1920, picha 30 kwa sekunde. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Pale Feri, na chumvi ile ya hewani, futa tena kila baada ya muda. Gusa na ushikilie kioo mahali pa mhusika ili fokasi na mwanga visirukeruke katikati ya maneno. Acha nafasi chini na upande wa kulia, kwa kuwa TikTok na Instagram huweka maandishi na alama zao hapo, na bei yako ikikaa pale haitasomeka.

Mvuke unastahili aya yake. Ukiupiga mbele ya ukuta mweupe, au jua likiwa nyuma yako, hautaonekana hata chai ikiwa inachemka. Mvuke unaonekana pale mwanga unapotoka nyuma yake na pazia lililo nyuma ni la giza. Kwa hiyo asubuhi ile simama ukiwa umeelekea jua, kikombe kiwe katikati, na nyuma ya kikombe pawe na kitu cheusi: kivuli cha banda, turubai, hata koti la mtu. Fanya mazoezi na kikombe nyumbani siku moja kabla. Picha hiyo ya sekunde tatu ndiyo tangazo lako lote.

Sauti ndiyo inayosaliti matangazo ya gharama ndogo kuliko picha. Upepo wa bahari utameza maneno yote. Kama huna kipaza sauti cha kubana shatini, weka simu ya pili kwenye mfuko wa juu wa msemaji ikirekodi sauti peke yake, apige makofi mara moja mwanzoni, na kwenye kuhariri utalinganisha makofi na picha. Kabla ya kuondoka rekodi pia dakika moja ya kelele za soko bila mtu kuzungumza. Itakusaidia kuziba mapengo.

Usimfundishe muuza samaki maneno neno kwa neno. Mpe hali, mwache aseme kwa mdomo wake. Watu wa sokoni wana lugha ambayo hakuna mwandishi atakayeiiga mezani.

Na omba ruhusa. Zungumza na uongozi wa soko mapema. Kila anayeonekana usoni na kusikika akubali kwa maandishi mafupi kwamba video itatumika kibiashara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mlipe pia. Muuza samaki aliyekubeba sekunde 20 kati ya 30 hastahili kuondoka na soda.

Hatua ya 6: Hariri, kisha mpe mtu simu

Kata kila kilicho kabla ya mikono kwenye barafu. Weka maandishi ya maneno yote yanayosemwa, kwa herufi kubwa, maana kwenye daladala wengi wanatazama bila sauti. Programu kama CapCut inafanya yote haya bila gharama.

Muziki: usichukue wimbo unaovuma ukaubandika. Kwa mtu binafsi majukwaa yana ruhusa zao, lakini akaunti ya biashara hairuhusiwi kutumia kila wimbo, na TikTok ina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kibiashara. Ukitaka wimbo wa Bongo, mtafute mwenye wimbo mkubaliane. Kwa video hii nisingeweka muziki kabisa, barafu, kisu na "Inaunguza!" vinatosha.

Kisha mpe simu mtu ambaye hajui unachofanya. Usimweleze, usisimame mgongoni kwake kama mwalimu. Mtazame uso. Akitabasamu kabla ya mvuke, vizuri. Akirudisha nyuma kuitazama sahihi, vizuri zaidi. Akisema "nzuri" na kukurudishia simu, bado. Unachokisubiri ni neno moja tu: "Nitumie." Kisha muulize ilikuwa inauza nini na inapatikana wapi. Asipojua, rudi kwenye meza ya kuhariri.

Hatua ya 7: Itoe na uisindikize

Weka TikTok na Instagram, lakini kwetu safari ndefu ya video hufanyika WhatsApp, na huko ina sheria zake. Mtu anaipakua, anaituma kwa kundi, kundi linaituma kwa kundi jingine, na maelezo yote uliyoandika chini yake yanabaki nyuma. Kwa hiyo jina la duka na namba viwe ndani ya picha yenyewe, vidogo, juu pembeni, tangu sekunde ya kwanza. Tengeneza na nakala nyepesi isiyozidi megabaiti 16, kwa kuzingatia bando la mpokeaji, na uitume wewe mwenyewe badala ya kusubiri watu waipakue ikiwa imeshachakaa.

Anza na watu wachache wenye sababu halisi: wateja ambao tayari wana chupa hiyo, muuza samaki na wenzake wote wa Feri, mama lishe wanaouza chai alfajiri. Hao wa Feri wataisambaza kuliko wafuasi elfu wa kununua, kwa sababu wamo ndani.

Maoni yakianza kuingia, hapo ndipo kazi inapoanza upya. Julai 2010 Old Spice, chapa ya manukato na sabuni za wanaume, waliokuwa wameshavuma kwa tangazo la mwigizaji Isaiah Mustafa anayezungumza bafuni, walimsimamisha tena Mustafa akajibu maswali ya watu mtandaoni kwa video fupi, moja kwa kila mtu, zaidi ya 180 kwa muda wa siku chache. Kila aliyejibiwa alikimbia kuwaonyesha wenzake. Wewe hutahitaji nyingi hivyo. Mtu akiandika "Ijaribuni kwenye bodaboda mpaka Chalinze", usimjibu kwa alama ya kicheko. Ijaribu, umtaje aliyeomba, na uonyeshe matokeo hata yakiwa ya wastani. Sasa una mfululizo, kama Dickson na blenda yake, na wateja ndio wanaokuandikia hadithi.

Ukitaka watu waige, wape kitendo rahisi na salama, na mtindo wa kuwataja wengine kwa majina. Changamoto ya kujimwagia maji ya barafu ya mwaka 2014 ilikwenda hivyo: jimwagie, wataje watu, wana saa 24, na mchango uende kwenye vita dhidi ya ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115. Aliyetajwa kwa jina mbele ya watu ni vigumu kukaa kimya. Lakini usimwombe mtu yeyote afanye jambo la hatari kwa ajili ya duka lako, na watoto usiwaite kabisa.

Hatua ya 8: Uwe tayari kuuza

Machi 2012 kampuni changa ya nyembe, Dollar Shave Club ya Marekani, iliweka mtandaoni video ambayo mwanzilishi wake, Michael Dubin, anatembea ghalani akieleza huduma yake kwa utani. Iligharimu dola 4,500. Tovuti yao ikazidiwa na kuanguka siku hiyohiyo, na ndani ya siku mbili wakawa na oda 12,000. Walisimama tena, na mwaka 2016 Unilever ikainunua kampuni kwa takriban dola bilioni 1.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe, hesabu chupa zilizopo stoo. Kubaliana na msambazaji wako ni lini anaweza kuleta nyingine na kwa bei gani. Namba iliyo kwenye video iwe na mtu wa kuipokea mpaka usiku, na majibu ya maswali ya kawaida yawe yameandikwa tayari: bei, ukubwa, gharama ya kutuma Mwanza, Mbeya, Zanzibar, Mombasa. Weka daftari, na kila anayepiga aulizwe kaiona wapi na katumiwa na nani. Idadi ya waliotazama itakufurahisha, lakini daftari hilo ndilo litakalokuambia kama ni watoto waliowatumia mama zao, kama ulivyoandika kwenye karatasi ya ukutani, au ni watu wengine kabisa ambao hukuwawazia. Video ya pili itengenezee hao.

Mzigo ukiisha, usiifute video. Badili maandishi yaliyobandikwa juu ya akaunti yaseme lini mzigo mwingine unaingia, andika majina ya wote waliokosa kwa utaratibu waliopiga, na kontena likifunguliwa waanze kupigiwa wao kwanza, kwa bei ileile waliyoiona.